Reli ya Chumvi

Karanjpada, 16 Juni 1985

Mjomba Moreshwar mpendwa,

Shikamoo. Naahidi kwamba katika barua hii na zote zitakazofuata nitakuambia kila kitu, hata yale ambayo Mama angependa yasiandikwe. Mwalimu wetu, Bi Paranjpe, anasema barua inayoficha ni bahasha tupu.

Sisi hatujambo. Jicho la kushoto la Bibi limeingia ukungu, lakini anakataa hospitali. Anasema ameona ya kutosha, mengine atasimuliwa. Baba bado yuko kijijini Konkan tangu kiwanda cha nguo kilipofungwa, na ameandika kwamba mpunga umeota. Mama angali kwenye kiwanda cha biskuti, akifunga pakiti. Anarudi jioni akinukia vanila hadi paka wa jirani wanamfuata mlangoni. Mvua imeanza na paa linavuja palepale pa mwaka jana, kwa hiyo tunajua pa kuweka sufuria.

Sasa jambo lenyewe. Niko darasa la tisa, na Bi Paranjpe ametupa insha juu ya mahali petu. Wenzangu wengi wamechagua hekalu. Mimi nimechagua stesheni. Nimekwisha kuichora. Jukwaa ni moja tu, refu, lipo katikati kama kisiwa, na lina reli kila upande: magharibi ni ya treni zinazotoka Bombay, mashariki ni ya treni zinazokwenda Bombay. Daraja la kupitia watu liko ncha ya kaskazini. Behewa la wanawake husimama ncha ya kusini. Hapo kusini palikuwa na ngazi nyingine ya kuvukia juu ya reli, lakini imezibwa kwa mabati tangu ofisi ya tikiti ilipojengwa. Ndiyo maana wanawake wa mtaa wetu hawapandi daraja. Wanapita tundu la ukuta, wanavuka reli ya chumvi iliyo kati ya mtaa na stesheni, wanavuka reli ya Bombay, wanapanda jukwaani mbele ya behewa lao.

Swali langu ni hilo, Mjomba. Wewe na Mama mmekulia hapa. Kwa nini inaitwa reli ya chumvi, ilhali sijaona hata punje? Nauliza pia kwa sababu wamekuja vibarua, wanamwaga kokoto mpya chini yake na kubadilisha mataruma yanayobeba vyuma. Kila mtu anasema ni matengenezo tu.

Miaka mitatu hujaja kwetu, na hakuna anayeniambia sababu. Siulizi. Nasema tu kwamba nimeona.

Mpwa wako,
Sharayu


Bhusawal, 9 Julai 1985

Mpwa wangu Sharayu,

Marahaba. Barua yako ilinikuta safarini. Nilikuwa navuta mabehewa ya makaa ya mawe, na huku joto halijasikia habari za mvua. Mwambie Bibi aende hospitali. Mwambie mimi ndiye niliyesema, atatukana, kisha atakwenda. Nimefurahi kwamba mpunga wa baba yako umeota.

Insha yako ni nzuri. Andika hivi. Kabla ya jukwaa kulikuwa na mashamba ya chumvi, kutoka ukuta wetu hadi kwenye mkono wa bahari. Chumvi ilirundikwa kama mahema meupe. Reli ya kwanza ya Karanjpada haikuwekwa kwa ajili ya watu, iliwekwa kwa ajili ya chumvi hiyo, na mabehewa yalivutwa na ng'ombe mpaka kwenye njia kuu. Babu yangu alikuwa mpakiaji. Nyayo zake zilipasuka na kujaa chumvi, hata maiti yake ilipochomwa hazikuungua vizuri kwenye kuni, ndivyo walivyosema watu wa chumvi. Watu walipoanza kuhamia ndipo jukwaa likajengwa. Mashamba yakafa, reli ikabaki. Tulipokuwa watoto, mama yako alikuwa anatembea juu ya reli hiyo na mtungi kichwani bila kuushika, kutushinda sote.

Umeandika kwamba wanawake wanavuka kusini. Mwambie mama yako apite darajani. Wewe pia. Ni mbali, najua. Piteni darajani.

Kuhusu kokoto, mimi ni dereva, si mhandisi.

Mjomba wako,
Moreshwar


Karanjpada, 28 Julai 1985

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Bibi alitukana, kisha akaenda. Daktari amesema utando wa jicho utakatwa baada ya mvua. Bibi anataka kujua kama daktari huyo ameoa, kwa kuwa mikono yake ni mizuri na kuna binti wa jirani.

Nilimsomea Mama barua yako. Sehemu ya mtungi aliisikiliza akiwa ameinama juu ya unga, na nadhani alitabasamu. Nilipofika penye daraja aliacha kukanda.

"Yeye ndiye ananifundisha kuvuka?" alisema. "Kama ana neno na mimi, mimi nina jina, na posta inalijua."

Niliahidi kusema kila kitu, kwa hiyo nasema. Nilimuuliza sababu usiku huohuo, akaniambia. Kwamba Kusum, rafiki yake wa tangu utotoni, alivuka asubuhi moja ya mvua akiwa amejifunika mwavuli, na treni iliyokuwa inakuja ni yako. Kwamba ulipiga honi. Kwamba watu wote walisema ulipiga honi. Kwamba Mama alikuambia neno mbele ya nyumba ya Kusum, na hukurudi tena. Neno gani, hakusema. Alisema tu, "Kusum hakutazama dohani. Mimi natazama." Sikulia mbele yake, lakini nililia baadaye.

Unaijua hiyo ya dohani. Nami nilifundishwa kabla ya kujua kusoma: treni ya Bombay inatokea upande wa dohani ya kiwanda, upande wa kusini, tazama dohani, kisha vuka. Reli ya chumvi hatuitazami hata kidogo, ni kama ua wetu. Jioni wanawake wanakaa juu yake kuchambua mchicha kabla ya kwenda kupika, na Bi Hirabai, yule muuza samaki mnene, hupanga makapu yake juu ya taruma. Juzi kibarua mmoja alimwambia, "Mama, siku moja utaondolewa hapo na injini." Akajibu, "Mwanangu, mume wangu alijaribu miaka thelathini, akaondoka yeye." Wote wakacheka, hata kibarua.

Lakini mimi nilikwenda kwa mkuu wa stesheni, Bwana Tamhane, nikiwa na daftari langu la insha ili asinifukuze. Alinipa biskuti. Alisema reli ya chumvi imeunganishwa kuwa njia ya treni za kasi zisizosimama hapa, zitakazotoka Bombay. Zitaanza baada ya Diwali, kutakuwa na sherehe na utepe.

Nikamuuliza, "Wanawake wanaovuka wataambiwaje?"

Akasema, "Sheria inakataza mtu kukanyaga reli. Nitatangazaje hatari mahali ambapo kisheria hakuna mtu?"

Alisema kwa upole, kama anayenisaidia kwenye hesabu. Nikamuuliza kama ngazi ya kusini itafunguliwa. Akasema niandike ombi. Nimeandika.

Treni zitokazo Bombay zitakuja kutoka upande wa kaskazini, Mjomba, kwenye kona ya kiwanda cha barafu. Sisi sote tutakuwa tunatazama dohani.

Mpwa wako,
Sharayu


Kalyan, 2 Septemba 1985

Mpwa wangu,

Marahaba. Nisamehe kwa kuchelewa. Kama unavyoona, nimehamishwa. Siko Bhusawal tena. Niko Kalyan, kwenye bweni la madereva, tunalala wanane na mmoja anakoroma kwa zamu ya wote. Chakula ni dengu na wali, kesho wali na dengu. Bibi aendelee na dawa ya macho. Nimefurahi kuhusu binti wa jirani, ingawa daktari yule huenda ana watoto watano.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Juu ya Kusum sina la kuandika.

Juu ya ombi lako la ngazi: umefanya vizuri, lakini usilingojee. Juu ya Diwali: usiingojee pia. Utepe hukatwa siku ya wakubwa. Reli haingoji utepe.

Mtu akivuka na atazame pande zote mbili, hata penye ua wake. Waambie wanawake hivyo, useme ni mawazo yako mwenyewe. Usiseme ni yangu. Tumetia sahihi kwamba ratiba ya kazi hii haitoki nje ya bweni, na wawili wamekwisha kurudishwa makwao kwa ajili ya midomo yao.

Endelea na insha. Usiache kuandika insha.

Moreshwar


Karanjpada, 29 Septemba 1985

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Uko Kalyan, na kutoka Kalyan mtu hula chakula cha mchana akafika kwetu chai haijachemka, lakini hukuja hata kwa sikukuu ya Ganesh. Bibi alikutengea modak tamu za nazi kwenye sahani yako ya zamani. Siku ya tatu alizila mwenyewe, akasema zimekwisha kulala na mtu hawezi kumpa mwanawe chakula kilicholala.

Baba ameandika, panya wameingia shambani. Nimepata alama nzuri kwenye sura ya kwanza ya insha, na Bi Paranjpe amesema iendelee hadi ionyeshe stesheni ya leo. Kwa hiyo nazunguka na daftari kila asubuhi, na watu wamezoea kuniona.

Nimeona hili. Reli ya chumvi ilikuwa na kutu nyekundu, unaijua, ukiketi inakuchafua sari. Alhamisi iliyopita nilipopita tundu la ukuta kwenda shuleni, kutu ilikuwa imetoka. Juu ya reli, pale magurudumu yanapokanyaga, paling'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Niliinama nikajiona ndani yake. Hakuna mtu mtaani aliyesikia kitu kikipita usiku.

Niliwaonyesha wanawake. Bi Hirabai alipitisha kidole, akasema, "Afadhali, sasa samaki wangu hawatashika kutu." Mama alitazama reli muda mrefu kuliko wengine, halafu akasema amechelewa.

Niliwaambia watazame pande zote mbili, nikasema ni mawazo yangu, kama ulivyoagiza. Wananisikiliza kwa sababu ni mtoto wa Vatsala na nasoma vizuri. Wanageuza shingo siku ile nikiwapo. Kesho yake nilijificha nyuma ya ukuta nikawaangalia. Ni dohani tu, Mjomba. Shingo zao zinajua upande mmoja. Nami nilipovuka baada yao nilijikuta nimekwisha kufika jukwaani ndipo nikakumbuka upande wa barafu.

Halafu kuna sikukuu ya Navami, na hili linanitia hofu kuliko yote. Mwaka huu inaangukia Jumatatu ya tarehe 21, siku moja kabla ya Dasara. Unakumbuka wanavyofanya: kila mtu anafanyia ibada chombo cha kazi yake, na kwa wanawake hawa chombo cha kazi ni behewa lao. Treni yetu ya asubuhi inaanzia hapahapa, kwa hiyo inasimama kitambo. Upande mmoja wanapamba kutoka jukwaani. Upande wa pili wanasimama juu ya reli ya chumvi, wote, wakiwa na makoja ya maua mikononi, wanafunga kwenye vyuma vya madirisha na kuimba kwa matoazi na ngoma. Mwaka jana sikuweza kumsikia aliyekuwa ananiambia neno sikioni.

Mama ndiye kiongozi mwaka huu. Nazi amekwisha kununua.

Treni ya kwanza itapita siku gani, Mjomba? Sikuulizi ratiba yote. Nauliza siku hiyo moja tu.

Mpwa wako,
Sharayu


Kalyan, 14 Oktoba 1985

Sharayu,

Nampa barua hii Bwana Lobo, gadi wa treni ya jioni, akufikishie mkononi. Ni mtu wangu. Ukitaka kujibu, mpe yeye jukwaani. Yuko Karanjpada Jumamosi jioni, na mimi naonana naye usiku huohuo. Posta usiitumie.

Natumaini Bibi hajambo. Leo ni siku ya kwanza kati ya siku tisa za Navaratri, na hapa bwenini wamewasha taa ya mungu wa kike juu ya kabati la viatu.

Mwaka huu msipambe upande wa reli ya chumvi. Pambeni upande wa jukwaa tu. Maua ya upande mmoja yanatosha. Fanya mama yako akubali kwa njia yoyote utakayoiona.

Usiniulize zaidi. Barua hii ichome.

M.


Karanjpada, 19 Oktoba 1985

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Bibi hajambo. Baba amekuja kwa Dasara na magunia mawili ya mchele na mkono uliong'atwa na panya. Sikuichoma barua yako. Samahani. Nilimpa Mama aisome mwenyewe, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kujaribu kila njia nyingine, na naahidi kuzieleza zote.

Kwanza nilikwenda tena kwa Bwana Tamhane. Alinifungulia jalada lake na kunionyesha: treni za kasi, kuanzia baada ya Diwali. Nikamuuliza kama huenda kukawa na treni ya majaribio. Akafunga jalada. Akasema majaribio ni ya watu wa Bombay na yeye hupigiwa simu tu afunge geti la barabara. Nikasema, "Kwa hiyo hata wewe hutajua mpaka simu ilie." Hakunipa biskuti.

Jana nikawaambia wanawake wakiwa wamekaa wanatunga maua. Nilisema tupambe upande wa jukwaa peke yake. Bi Hirabai akacheka hadi sindano ikamtoka. "Behewa lenye maua upande mmoja! Huyo ni bi harusi mwenye hereni moja. Atakwenda Bombay watu waulize, nyingine imeuzwa?" Mwingine akasema upande wa mtaa ndio upande wenyewe, kwa sababu wazee na wagonjwa wanauona kutoka madirishani. Mwingine akasema nisilete mkosi siku za mungu wa kike. Mama alikuwa anahesabu makoja.

Leo mchana akaja Bwana Lobo mapema, kwa treni nyingine, akanikuta na Mama jukwaani. Alimvulia Mama kofia. Mama akamuuliza kwa utani, "Gadi, na ninyi mnapamba Jumatatu?"

"Sisi Wakristo, dada, tunakula tu vya kwenu," alisema. "Lakini mwaka huu hata wakubwa wa reli wamemwita kuhani. Wamemlipa nauli ya daraja la kwanza awatazamie saa njema. Kitu kipya huanzwa saa njema, au siyo?"

"Kitu gani kipya?" Mama aliuliza.

Bwana Lobo alitazama kofia yake. Akasema, "Nimezungumza sana. Mke wangu ananiambia kila siku." Akaondoka kwenda kunywa chai, akaiacha chai yote mezani.

Tuliporudi nyumbani ndipo nikampa Mama barua yako. Alisoma akiwa amesimama. Halafu akaketi, akaisoma tena. Bibi aliuliza ni barua ya nani na hakuna aliyemjibu, naye kwa mara ya kwanza hakuuliza mara ya pili.

Mama akasema, "Hakuandika kwamba kuna treni."

Nikasema, "Hawezi, Mama. Ametia sahihi."

"Ameandika maua ya upande mmoja yanatosha. Niende kwa wanawake sabini niwaambie hivyo? Nani amesema? Hewa?" Alikunja barua ndogo sana. "Niliwahi kumwambia kwamba honi ni ya kujitetea mahakamani, haimwokoi mtu. Hilo ndilo nililomwambia mbele ya maiti ya Kusum. Sasa anapiga honi nyingine ileile, kwa mbali, bila kuonyesha uso."

Nimeandika maneno yake kama yalivyo, kwa sababu niliahidi.

Nilidhani ndiyo mwisho. Nilikaa nikaanza barua hii ili nikuambie kwamba nimeshindwa, na kwamba Jumatatu nitasimama nao kwenye reli ya chumvi, kaskazini kabisa, uso wangu ukitazama kiwanda cha barafu, nipige kelele kadiri ninavyoweza juu ya ngoma. Nilikuwa nimefika hapo ndipo Mama akaja nyuma yangu akasoma begani. Sikuficha. Alisoma mstari ule, akanishika nywele kama anataka kunisuka, akaziachia.

Baba alisema kutoka mlangoni, "Vatsala, si ufute tu huo upande mmoja?"

"Nikifuta bila neno, watakwenda bila mimi," alisema Mama. "Unawajua. Hirabai atachukua ngoma yeye. Lakini nikisimama tundu la ukuta niseme, ndugu yangu Moru, mtoto wa mama yangu, ndiye atakayekuwa ndani yake, hakuna hata mmoja atakayepita. Wote walimjua Kusum. Nitasema kwa jina lake. Siwezi kusema kwa jina la mtu aliyenyamaza."

Kisha akaniambia niandike. Nilichukua kalamu. Alitembea hadi dirishani na kurudi. Miaka mitatu hajalitaja jina lako ndani ya nyumba hii, Mjomba, na leo amelitaja kama anavyokuita Bibi.

Bwana Lobo anaondoka na treni ya saa moja jioni hii, na Baba alipokwenda kumwomba amekubali kurudi kesho hata kama si zamu yake. Atasubiri mlangoni kwako mpaka uandike. Neno moja linatosha, na Mama ameapa mbele ya taa ya mungu wa kike kwamba karatasi yenyewe hakuna mtu wa reli atakayeiona. Nami nina matumaini, kwa sababu uliniandikia, na mtu asiyejali haandiki. Haya ndiyo maneno ya Mama, kama alivyoyasema:

Moru, Jumatatu asubuhi, katika treni itakayotokea kona ya barafu, ni wewe utakayekuwa dereva?